Uso umefubaa? Weka chini hilo dodoki kwanza!

KUNA uso ambao ukiuona asubuhi kwenye kioo unajiuliza kama ulilala au ulikuwa unabeba zege usiku kucha. Hauna chunusi za kutisha, hauna kidonda, lakini haueleweki. Paji la uso lina rangi yake, mashavu yana yake, kuzunguka mdomo kumekuwa kweusi kama mtu aliyetoka kula zambarau, na juu ya yote hayo kuna kitu kama vumbi ambalo hata ukinawa mara tano haliondoki. Kina dada tunaita uso kufubaa. Kina kaka nao wanao sana tu, ila wao wakiulizwa wanasingizia uchovu wa kazi.

Sasa, hapa mjini mtu akifubaa uso anashauriwa mambo mawili. La kwanza ni kusugua, na la pili ni kujichubua. Akianza na dodoki na sukari akaona mambo hayaendi, anahamia kwenye mkorogo. Na mimi leo nataka tuongee kwa kituo, maana hayo mawili ndiyo yanayozalisha nusu ya nyuso zilizoharibika ninazokutana nazo kwenye daladala.

Kabla sijafika mbali, mimi si daktari. Nimeishia kidato cha nne. Haya ninayoandika nimeyasoma, nimeyauliza kwa wafamasia na kwenye kliniki ya ngozi, na mengine nimeyaona kwa macho yangu kwenye uso wa mdogo wangu.

KOPO LISILO NA JINA

Mdogo wangu ana miaka 23 na anauza mikoba Kariakoo. Meza yake iko upande ambao jua linaanza kumpiga saa nne asubuhi na halimwachii mpaka saa kumi jioni. Alipata chunusi tangu shule, akawa anaziminya kama wengi wetu tunavyofanya, na kila aliyoiminya ikamwachia doa jeusi. Mwaka 2024 akachumbiwa. Mahari ikatolewa, siku ya sendofu ikapangwa, ukumbi ukalipiwa nusu.

Basi siku moja wifi yake mtarajiwa akaja na kopo la plastiki jeupe, halina lebo, halina jina, limezibwa na mfuko wa nailoni. Akalikabidhi kwa heshima zote, tena mbele ya mama. Eti apake asubuhi na jioni, wiki nne tu atakuwa 'amerudi kwenye rangi yake'. Mimi nikauliza, rangi yake ipi? Huyu tumezaliwa naye, rangi yake ndiyo hii. Wifi akanuna. Mama akanikata jicho. Mdogo wangu akaniambia tulipobaki wawili: "Dada, wewe ongea tu, lakini wale ndugu zake wameshasema maneno. Mimi nataka siku ile nionekane, basi."

Na hapo ndipo penye kazi, msomaji wangu. Ukimwambia binti anayekaribia kuolewa aache kopo, ni lazima uwe na kitu cha kumpa badala yake. Maneno ya 'mweusi ni mzuri' peke yake hayatoshi, kwa sababu yeye hakulalamikia weusi. Alilalamikia madoa. Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa, na wauza mkorogo wanaishi mjini kwa kuyachanganya.

Mkorogo wenyewe jina lake linajieleza: ni vitu vilivyokorogwa. Muuzaji anachukua krimu hii na ile, anamimina na losheni, anakukorogea kwenye ndoo. Vinavyofanya kazi humo ndani mara nyingi ni vitatu. Kuna haidrokwinoni, inayozuia ngozi kutengeneza rangi. Kuna zebaki, ambayo nayo inazuia rangi, lakini inaingia mwilini na kuharibu figo. Na kuna krimu za steroidi kali kama klobetasoli, dawa ya hospitali ya kutibu magonjwa ya ngozi, ambayo mtu akiipaka usoni miezi na miezi inaifanya ngozi kuwa nyembamba kama ngozi ya kitunguu, mishipa inaonekana, na vipele vinamtoka kila mahali.

Historia yake nayo inachekesha kwa uchungu. Huko Marekani, mwaka 1939, madaktari waliandika habari za wafanyakazi wa kiwanda cha ngozi za wanyama ambao mikono yao ilibabuka rangi. Kuchunguza, wakakuta ni glavu za mpira walizokuwa wakivaa, zilikuwa na kemikali ya ukoo wa haidrokwinoni. Ajali ya kazini, kwa Kiswahili chepesi. Wajanja wakaona biashara. Mwaka 1975 daktari mmoja na wenzake huko Pretoria wakaripoti wanawake waliotumia krimu za haidrokwinoni kwa muda mrefu na nyuso zao zikageuka rangi ya weusi wa bluu, weusi ambao kuutoa ni shida kubwa hata leo. Yaani walipaka ili wawe weupe, wakatoka weusi kuliko walivyoanza. Afrika Kusini ikazipiga marufuku krimu hizo mwaka 1990.

Hapa kwetu vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku, na tangu 2019 kazi ya kukagua vipodozi iko chini ya TBS. Lakini ndoo ya mkorogo haina anwani, utaikagua wapi? Mtaani watu wanajichekea tu: uso Fanta, miguu Coca-Cola. Ukitaka kumjua mtu tazama vifundo vya vidole, maana hapo pana tabia ya kukataa kubadilika.

KWA NINI KUSUGUA KUNAKUZIDISHIA

Haya, na wale wa dodoki? Hawa wanajiona salama kwa sababu hawatumii 'kemikali'. Lakini sikiliza. Ngozi ya mtu mweusi ikiumizwa inajibu kwa rangi. Ukipata chunusi, ukaungua, ukang'atwa na mbu ukajikuna, zile seli zinazotengeneza rangi zinashtuka na kumwaga rangi zaidi mahali palepale. Doa lile jeusi si uchafu na wala si ngozi iliyokufa. Ni rangi yako mwenyewe, iliyorundikana kwa sababu ngozi iliumia. Sasa wewe unachukua dodoki, unasugua mpaka uso unawaka moto. Unafanya nini hapo? Unaiumiza tena. Na yenyewe inajibu tena.

Ndimu ndiyo usiseme. Kila binti mtaani amewahi kuambiwa apake ndimu atoe madoa. Ndani ya maji ya ndimu kuna kemikali ambayo ikikutana na jua juu ya ngozi inaunguza, ngozi inavimba, wakati mwingine inatoka malengelenge, kisha inaacha baka jeusi linalokaa wiki au miezi. Ndimu iache kwenye supu. Dawa ya meno juu ya chunusi nayo iache kwenye meno. Na ile sabuni ya mche tunayofulia mashuka si ya kunawia uso: ngozi yenyewe ina uchachu kidogo, na sabuni ya namna hiyo ni kali upande wa pili, ikipita inachukua mafuta yote. Ndiyo maana ukimaliza kunawa uso unakaza kama ngoma. Wengi wanasema hapo ndiyo umetakata. Hapana, hapo umekauka, na uso mkavu haurudishi mwanga vizuri, unaonekana wa kijivu. Kufubaa kwingine ni huko tu, hakuna mchawi.

Bibi zetu wa pwani walikuwa na liwa, nami sitaki kuisema vibaya. Ile kusagwa juu ya jiwe, ikachanganywa na marashi, ikapakwa mwari akakaa nayo ndani kivulini, ina raha yake na harufu yake, na mwenye kuijua haisugui kwa nguvu. Madoa haitoi. Lakini mwari yule alikuwa akifichwa jua siku nyingi kabla ya harusi, na mimi nina hakika kazi kubwa ilifanywa na kule kufichwa.

JUA HALICHAGUI

Hapa ndipo wasomaji wengi wananicheka. Mafuta ya kuzuia jua? Si mambo ya Wazungu wa ufukweni hayo? Ndugu yangu, ngozi nyeusi ina kinga yake ya asili, ni kweli, na wataalamu waliwahi kuipima wakaikadiria kama mafuta yenye kipimo cha 13 hivi. Ni nzuri kwa kukuzuia usiungue ukawa mwekundu. Lakini kwa doa ambalo tayari lipo, kila siku ya jua ni sawa na kuongeza wino. Unapaka dawa ya doa usiku, mchana jua linalirudisha. Utapaka mpaka uzeeke.

Na mafuta ya jua si kitu cha kigeni kama unavyodhani. Pale KCMC Moshi, kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanzishwa 1992, yanatengenezwa mafuta yanayoitwa Kilisun kwa ajili ya ndugu zetu wenye ualbino, ambao kwao jua ni suala la kufa na kupona kwa sababu ya saratani. Yale ni yao, mimi na wewe tununue ya duka la dawa. Tafuta yaliyoandikwa SPF 30 au zaidi. Ya 30 yanazuia kama asilimia 97 ya ile miale inayounguza. Yawe na neno 'broad spectrum', maana kuna miale mingine inayopenya mpaka kwenye mawingu na kioo cha gari. Kipimo ni mistari miwili, urefu wa vidole viwili, kwa uso na shingo. Siyo tone la ukubwa wa maharage! Na ukikaa juani kutwa kama mdogo wangu, unarudia kila baada ya saa mbili.

Tatizo ni kwamba mengine yanakuacha kama umepakwa unga wa sembe. Mdogo wangu alijaribu ya kwanza, jirani yake wa meza akamuuliza kama anaingia unyagoni. Tukabadilisha, tukachukua yenye rangi ya kahawia kidogo. Haya yenye rangi yana faida ya ziada: rangi ile ya madini ya chuma inazuia hata mwanga wa kawaida unaoonekana, ambao nao unakoleza mabaka kwenye ngozi nyeusi. Lakini kama fedha haipo, usikae unalia. Mwavuli mkubwa juu ya meza, kofia yenye ukingo, mtandio. Tulimnunulia mwavuli kwanza, mafuta yakafuata mwezi uliofuata.

WIKI KUMI NA NNE

Tulikuwa na wiki kumi na nne kabla ya sendofu. Nilimpeleka kliniki ya ngozi, tukakaa kwenye benchi nusu siku, akaandikiwa krimu mbili. Moja ya asidi ya azelaiki, ambayo inatibu chunusi na kufifisha madoa kwa pamoja, na nyingine ya benzoili peroksaidi ya kupaka mahali chunusi inapojitokeza. Hii ya pili inababua nguo, nakuonya. Foronya ya mama ya kudarizi ina mabaka mpaka leo na hajanisamehe.

Mengine yalikuwa ya bei rahisi. Kunawa asubuhi na jioni kwa sabuni laini ya maji isiyo na manukato, kwa vidole, hakuna dodoki. Kukausha kwa kugusagusa taulo. Kupaka losheni uso ukiwa bado una unyevu. Mafuta ya jua asubuhi. Kutominya kitu chochote, na hapa palikuwa pagumu kuliko pote, mpaka ikabidi akate kucha za kubandika. Nikamwambia pia ayatoe mafuta ya nywele kwenye mstari wa mbele wa kichwa, maana zile chunusi ndogondogo za paji la uso mara nyingi ni mafuta ya nywele yanayoteremka na jasho.

Wiki ya kwanza, hakuna kitu. Ya pili, uso ukamwasha kidogo, tukapunguza krimu ikawa siku moja ndiyo, siku moja hapana. Wiki ya tatu akanijia juu. "Dada, unanipotezea muda. Wenzangu wanabadilika kwa siku kumi!" Nikamweleza kile nilichoelezwa kliniki. Ngozi ya juu inajibadilisha yote kwa muda wa kama wiki nne, na doa linatoka polepole kadiri ngozi inavyojibadilisha, si kwa siku. Chochote kinachobadilisha uso kwa siku kumi kinauchubua. Hakuelewa. Alinyamaza tu, na nilijua kopo la wifi bado liko kwenye kabati.

Kilichomwokoa ni simu. Nilikuwa nikimpiga picha kila Jumapili saa mbili asubuhi, mlango uleule, na ule mtambo wa kwenye simu unaolainisha sura nikauzima. Kioo kinadanganya kwa sababu unajiona kila siku. Wiki ya saba tukaweka picha ya kwanza na ya saba pamoja, akatazama muda mrefu. Chunusi mpya hakuna. Paji la uso na mashavu vimeanza kufanana. Akachukua lile kopo mwenyewe akamrudishia mwenyewe. Sikuwepo, sijui walisemeshana nini.

Siku ya sendofu madoa matatu makubwa ya shavu la kushoto yalikuwa bado yapo ukimkaribia. Mpambaji aliyafunika kwa dakika chache na hakuhitaji kumpaka zege usoni. Wifi hajakubali. Mpaka leo anasema kama tungemsikiliza, binti angekuwa 'amewaka' zaidi.

CHIPSI, MAJI NA DAMU

Utaniuliza, na maji je? Kila mrembo akihojiwa anasema siri yake ni kunywa maji. Kunywa, yana faida zake, lakini kama mwili wako haujakaukiwa, lita nne hazitafuta doa. Soda na vitafunwa vya sukari kwa watu wengine vinachochea chunusi, kwa hiyo kupunguza hakutakuumiza. Sigara inabana mishipa midogo ya damu usoni, na mvutaji wa siku nyingi utamjua kwa ile rangi ya majivu. Usingizi nao, unajua mwenyewe. Huwezi kutoka disko saa kumi alfajiri kila wiki halafu ulaumu losheni.

Kitu ambacho hatukitaji ni damu. Utafiti wa afya wa taifa wa 2015-16 ulikuta wanawake kama 45 katika kila 100 wa umri wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu. Mtu wa namna hiyo uso wake unapauka, unakosa uhai, na anahangaika na krimu wakati shida iko ndani. Vuta kope la chini utazame kwenye kioo. Kama pamepauka badala ya kuwa pekundu, na ukipanda ngazi unahema, nenda kapime. Vilevile mabaka ya kahawia yanayokaa kwenye mashavu yote mawili na juu ya mdomo, hasa kwa mjamzito au anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango, ni habari nyingine, na mara nyingi yanaendeshwa na homoni. Hayo usiyapeleke kwa muuza vipodozi.

Kina kaka, msidhani nimewasahau. Vipele vya kidevuni na shingoni baada ya kunyoa ni nywele zilizojikunja na kurudi kuchoma ngozi, na kila kimoja kinaacha doa. Mkinyoa, msinyoe mpaka kwenye mzizi. Acheni ibaki fupi kidogo kwa mashine. Na ile skrabu ya saluni inayowafanya mtoke mnang'aa kama sahani, kwa mwenye vipele ni kujichokonoa kidonda.

Sasa wewe ambaye kopo tayari unalo na umeshapaka mwaka mzima. Hapa sina utani. Usiamke kesho ukalitupa na kukaa hivyohivyo peke yako. Kama ndani yake kuna steroidi, ukikatisha ghafla uso unaweza kuvimba, kuwaka na kutoka vipele vibaya kuliko mwanzo, na wengi wakiona hivyo wanakimbilia kulipaka tena wakidhani ngozi imelizoea. Nenda kwa daktari wa ngozi akusaidie kulishusha kidogokidogo. Kama ni mjamzito au unanyonyesha, nenda wiki hii, kwa sababu zebaki inamfikia mtoto. Na kopo lenyewe nenda nalo mkononi, hata kama halina lebo.